Anasoma bila kukwama, lakini hajui nani anadaiwa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ana miaka minane. Anasoma kwa sauti vizuri kabisa, lakini akifunga kitabu nikamuuliza hadithi ilihusu nini, anabaki kunitazama. Tumepewa vitabu vya hadithi za watoto zinazozungumzia fedha: kuweka akiba, kukopa, kuuza na kununua. Baba yake anasema hivyo ni vya somo la hesabu, tena vitamfanya apende pesa mapema. Nivitumie kumfundishia kusoma, au nitafute vingine?
Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba, mama. Vitumie, na uanze leo.

Tahajia ya Kiswahili imenyooka. Mtoto akishazishika silabi, anaweza kutamka hata neno asilolijua maana, nasi tukimsikia tunadhani ameelewa. Mwaka 1986, watafiti wa usomaji Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kusoma kwa ufahamu ni zao la mambo mawili yanayozidishana: kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na kuielewa lugha yenyewe. Moja likiwa sifuri, jibu ni sifuri. Binti yako la kwanza analo. Kazi iko kwenye la pili.

Nilifundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi, na kuna mvulana mmoja ambaye sijamsahau. Alisoma haraka kuliko wenzake wote. Siku hiyo hadithi ilisema: “Sungura alimkopesha Kobe sarafu 5. Kobe akanunua jembe.” Nikamuuliza, nani anadaiwa? Akajibu bila kusita: Sungura. Sikumwambia amekosea. Nilimpa vizibo vitano vya chupa, nikachora duara la Sungura na duara la Kobe, nikamwambia aweke vizibo kwa mwenye pesa, kisha avihamishe kama kitabu kinavyosema. Akaviweka vyote kwa Kobe, akavipeleka kwa Sungura, halafu akafika kwenye jembe. Kobe atanunuaje na duara lake ni tupu? Alinyamaza kitambo. Akakirudia kitabu, akapitisha kidole chini ya “alimkopesha”, polepole, silabi kwa silabi. “Kumbe Sungura ndiye aliyetoa!”

Hapo ndipo nilipozipenda hadithi hizi. Lugha yetu huficha mambo makubwa kwenye mkia wa kitenzi: kopa na kopesha, lipa na lipwa, uza na uziwa, dai na daiwa. Katika hadithi nyingine mtoto anaweza kukosea nani kamtendea nani, na mambo yakaendelea tu bila wewe kujua. Hadithi ya fedha haimruhusu. Sarafu zinakataa kulingana, naye analazimika kurudi kwenye mstari.

Msije mkadhani vizibo ni mchezo wa kupoteza muda. Mwaka 1988 huko Marekani, watafiti Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 habari ya mchezo wa besiboli wasome, kisha waiigize kwa vinyago vya mbao juu ya kiwanja kidogo cha mfano. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo huo waliwashinda wasomaji hodari wasioujua. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kitabu, zungumza naye kwanza kuhusu akiba, deni na faida. Mweleze pia kwamba anayeazima kitu hurudisha kile kile, lakini aliyekopa pesa hurudisha kiasi, si sarafu zile zile. Tofauti hiyo huwapita hata watu wazima.

Mnaposoma, simameni mahali ambapo mhusika anataka kuamua: atatumia au ataweka? Mwambie akisie, na aonyeshe neno lililomfanya akisie hivyo. Usiridhike na “nadhani tu”. Kisha mtafutie yale ambayo kitabu hakikuyasema. Tuseme imeandikwa kwamba Kobe alianza kupita njia ya nyuma, ile ndefu, asubuhi na jioni. Kwa nini? Neno “deni” halipo kwenye sentensi hiyo, wala “aibu”. Akikujibu kwamba Kobe anamkwepa Sungura, huyo sasa anasoma.

Dakika kumi na tano kwa siku zinatosha. Picha ziwepo au zisiwepo, si neno. Ila swali la “umejifunza nini?” liache kabisa kwa sasa, watoto hulijibu kwa sentensi waliyokariri hata kama hawakuelewa ukurasa mmoja.

Kwa baba yake, mwambie kwa upole kwamba ndani ya hadithi hizo pesa ni kidogo kuliko anavyofikiri. Kilichojaa humo ni kusubiri, kuaminiana, kutamani na kutimiza ahadi. Hofu yangu mimi ni nyingine: kama nyumbani kuna deni linalowasumbua, hadithi isigeuzwe kuwa njia ya kumsema mtu mbele ya mtoto. Atakichukia kitabu.

Baada ya wiki chache, badilishaneni. Yeye asome, wewe uhamishe vizibo, na mara moja moja ukosee makusudi. Akikusahihisha kwa kukuwekea kidole juu ya neno lenyewe, fungueni hadithi inayofuata.