Dereva mpya wa semi kusini: uliza nani analipa gari ikisimama

Ukishapata leseni ya daraja E, au ukishakaa utingo hadi tajiri akakuamini na usukani, swali linalokuja mdomoni kwanza ni mshahara. Lisubiri kidogo. Hapa Mtwara na Lindi, wenye malori wawili wanaweza kukutajia mshahara uleule na posho ileile, na baada ya muda dereva wa mmoja anajenga, wa mwingine anadaiwa na ofisi. Kinachowatofautisha ni nani anayebeba hasara siku mambo yakiharibika: tairi imepasuka, mzigo umepungua, mizani imekataa, gari imelala Tunduru siku nne ikisubiri spea. Hayo yaulize kabla hujashika funguo.

Anza kwa kujua mzigo wenyewe, maana kusini mzigo una misimu. Makaa ya mawe yanatoka Ngaka wilayani Mbinga, yanapita Songea, Tunduru, Masasi na Mingoyo hadi bandari ya Mtwara, na kazi hiyo inaifuata meli. Meli ikiwepo, simu ya bosi haitulii. Isipokuwepo na yadi ikajaa, malori yanapaki. Korosho inaanza kutembea minada ikifunguliwa Oktoba, kutoka maghala ya Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea na Ruangwa. Salfa, dawa ya mikorosho, inatoka bandarini kwenda kwa wakulima kabla ya mikorosho kuchanua, ufuta na mbaazi vinafuata kwa zamu yake, na saruji ya Dangote inatoka mwaka mzima. Kwa hiyo ukiambiwa "posho yetu kwa tripu ni kiasi hiki", uliza dereva wao alikwenda tripu ngapi mwezi Machi. Posho nono mara moja kwa mwezi inashindwa na posho ya kawaida mara nne. Uliza pia mshahara wa mwezi gari ikiwa imepaki. Kampuni inayolipa kwa tripu tu, bila mshahara wa msingi, inakukabidhi wewe hatari ya meli kuchelewa.

Jibu la ofisini lipeleke nje ukalithibitishe. Nenda mahali madereva wanaposubiri, karibu na geti la bandari, Mingoyo au Masasi, uwaulize wanaoendesha magari ya kampuni hiyo: posho inatoka kabla ya safari au baada? Mshahara unaingia tarehe ngapi? Na usimpite mama lishe wa hapo bila kumsalimia. Yeye anajua vizuri kuliko mhasibu madereva wa gari zipi wanakula kwa mkopo kila wiki.

Mafuta ndiyo yanayogombanisha madereva wapya na ofisi kuliko kitu kingine chochote. Wapo wanaokujazia tangi kwenye sheli waliyoingia nayo mkataba, na wapo wanaokupa lita au fedha kwa makadirio. Hesabu mwenyewe kabla ya kukubali. Mtwara hadi Songea ni kama kilomita 650. Semi iliyoshiba, kwenye njia yenye milima, inaweza kwenda kilomita 2.2 kwa lita. Ikiwa tupu, kama 3.2. Kwenda na mzigo ni lita 295, kurudi tupu ni lita 203, jumla karibu 500. Akikupa lita 430 kwa safari hiyo na kukuambia "wenzako zinawatosha", muulize wenzako hao walikuwa na gari gani, injini ina hali gani, na mzigo ulikuwa tani ngapi. Zikipungua utajaza kwa posho yako, na mwezi unaofuata utashawishika kuuza mafuta ya safari nyingine ili ujirudishie. Usifike huko. Magari mengi siku hizi yana kifaa cha kufuatilia, na kipimo cha tangi kinaonyesha saa na mahali mafuta yaliposhuka ghafla. Kampuni nzuri hupima gari mpya kwa safari ya kwanza, ikaandika lita zilizotumika, na kuufanya huo kuwa mgawo. Uliza kama wanafanya hivyo.

Sasa shoti, yaani mzigo kupungua njiani. Kila mzigo unapungua kwa namna yake. Makaa yanaweza kupakiwa yakiwa yamelowa, yakapimwa na maji yake; njiani maji yanachuruzika, jua linakausha, na bandarini mizani inasoma pungufu. Kwa tani 30, asilimia 1 tu ni kilo 300, na hakuna aliyeiba hata kokoto. Uliza ni asilimia ngapi inayoruhusiwa kupungua na nani anakatwa ikizidi. Kama jibu ni "dereva, yote", achana nao, hasa kama wanapakia masika. Saruji ni mifuko ya kilo 50, tani 30 ni mifuko 600: hesabu inapopakiwa, na mfuko uliopasuka ukiwa bado kiwandani urudishe palepale. Korosho adui yake ni maji. Kabla hujasaini, panda juu, tandua turubai, litazame dhidi ya mwanga. Tundu dogo juu ya gunia linatosha kuharibu ubora wa mzigo ukikutana na mvua. Salfa inashika moto kirahisi, hivyo sigara na kuchomelea karibu na tela ni marufuku, hata fundi akikuambia ni dakika mbili.

Kuhusu kukatwa, sheria ipo upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukukata kwa hasara kwa kukutangazia tu. Lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, akuandikie sababu na kiasi, akupe nafasi ya kupinga, uwe umekubali makato hayo kwa maandishi, kiasi kisizidi hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Ofisi inayozoea kuzuia mshahara mzima "mpaka suala la shoti liishe" inavunja sheria hiyo. Sikiliza vizuri mazungumzo ya siku ya kwanza: wanaosema "hapa tunakata mpaka deni liishe" wamekwishakuambia jinsi watakavyokufanya.

Mizani ya barabarani nayo ina mtego wake. Viwango vya Afrika Mashariki ni tani 8 kwa ekseli ya mbele, tani 18 kwa ekseli mbili za nyuma za kichwa zenye tairi mbilimbili, na tani 24 kwa ekseli tatu za tela. Gari ya ekseli sita hapo inafika tani 50, na kikomo cha juu kabisa, kwa ekseli saba, ni tani 56. Dereva mpya huangalia jumla tu. Kijiko kikimwaga makaa mengi mbele ya tela, jumla inaweza kuwa tani 49, safi kabisa, huku ekseli za kichwa zimebeba 20. Hapo umezidisha. Mwambie mpakiaji aanze juu ya ekseli za tela kisha asogee mbele, na kama kuna mizani ya kupimia palepale mgodini au kiwandani, pima ekseli kwa ekseli kabla ya kufunga turubai. Kwa kampuni, swali ni moja: nikipakiwa kupita kiasi na nikaripoti, mnaniruhusu nisiondoke? Ukiambiwa "wewe nenda, mizani tutaimaliza kwa simu", faini ikija simu hiyo haitapokelewa.

Halafu omba kuiona gari. Siyo picha, gari. Mwenye gari nzima hatakuzuia.

Anza na tairi. Pembeni, mwisho wa herufi za DOT, kuna namba nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mbele iliyozeeka, yenye nyufa ubavuni, au iliyovikwa upya, ikatae hata kama ina meno. Ikipasuka mbele kwa mwendo wa 80, ambao ndio ukomo wa lori kisheria, usukani unakunyang'anya gari.

Kisha breki. Weka vigingi kwenye tairi, washa injini, acha upepo ujae; kwa malori mengi geji inasimama kati ya bar 8 na 10. Zima injini, achia breki ya kuegesha, kanyaga breki na ushikilie dakika moja. Ukiacha ile inayoshuka mwanzo unapokanyaga, sindano isipungue zaidi ya bar 0.3. Ikizidi hapo, kuna chemba (kopo la upepo linalosukuma breki ya tairi) au hozi inavuja. Halafu washa swichi bila kuwasha injini, kanyaga na kuachia mara kadhaa: kengele ya upepo lazima ilie kabla ya kufika bar 4. Isipolia, gari hiyo haitakuonya kitu.

Baada ya hapo lala chini ya tela na tochi, ufuate hozi za upepo moja baada ya nyingine hadi kwenye chemba. Unachotafuta ni hozi iliyokunjwa na kufungwa kwa waya au mpira wa tyubu. Chemba inapovuja, badala ya kununua nyingine, fundi anainyonga hozi ili upepo usitoke. Gari inatembea, geji inasoma vizuri, na hata jaribio la dakika moja inafaulu, ila tairi hiyo haina breki. Kazi yake inabebwa na zilizobaki. Kwenye milima ya Mbinga, au ukiteremka kutoka Newala, hizo zilizobaki zinapata moto, zinaanza kunuka, na unakanyaga zaidi huku gari ikipungua kidogo tu. Ukikuta hozi moja imenyongwa, muulize mwenye gari. Akishtuka na kuita fundi, endelea kuzungumza naye. Akicheka na kusema zote ziko hivyo, aga.

Tajiri mwenye gari moja au mbili si mbaya kwa sababu ya udogo wake. Wengi wanajali gari kuliko ofisi kubwa na spea wananunua siku hiyohiyo, kwa kuwa gari ikisimama, nao hawana kinachoingia. Shida yao ni karatasi: hakuna mkataba, hakuna NSSF, na utingo unamlipa mwenyewe kutoka kwenye posho. Kampuni kubwa inakupa karatasi, lakini dereva mpya ataanza na gari iliyokataliwa na wenzake. Kwa mwaka wa kwanza ningependelea penye karatasi na njia fupi, Mtwara–Lindi–Masasi au Dar, kuliko kukimbilia safari za kuvuka Daraja la Umoja kuingia Msumbiji kwa sababu ya posho.

Mkataba uwe na mshahara wa msingi, posho kwa kila njia, mlipaji wa utingo, na fedha ya kula gari ikiharibika au barabara ikikatika. Hilo la mwisho si la kufikirika: Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam upande wa Somanga, magari yalilala njiani. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na kukatwa kwako kusizidi 10. Ulizia ofisi yao ya Mtwara au Lindi kama michango inafika. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unalipiwa na mwajiri peke yake, hivyo akikukata kwa jina hilo, kataa. Likizo ni siku 28 kwa mwaka, zenye malipo.

Ukiwa na chini ya miezi sita kazini, huwezi kudai kuwa umeachishwa isivyo halali, kwa hiyo kipindi hicho piga picha kila kitu: tiketi ya mizani ya kupakia na ya kushusha, hati ya mzigo iliyogongwa muhuri, geji ya mafuta ukiondoka na ukirudi, tairi zote siku unapokabidhiwa gari. Zitume kwa ofisi siku hiyohiyo kwa WhatsApp, zibaki na tarehe. Wakikudhulumu malipo, una siku 60 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa kuachishwa kazi ni siku 30, na zinahesabiwa tangu siku uliyoachishwa.