Kwa unayeanza kulima pwani ya Tanga: upepo kwanza, jembe baadaye

Ndugu yangu uliyepata shamba Muheza au Pangani mwaka huu, kabla hujaulizia bei ya mbegu, shuka ufukweni ukawaulize wavuvi upepo umekaaje. Mvua zetu zote zinakwenda na pepo mbili, na wavuvi huziona zikigeuka kabla yetu, maana riziki yao imo kwenye tanga.

Kuanzia Desemba mpaka mwanzoni mwa Machi huvuma kaskazi. Januari na Februari ni jua kali na vumbi. Huo ndio wakati wa kufyeka na kukatua. Kisha kaskazi inanywea, minazi inasimama kimya, usiku hulali kwa fukuto. Hayo ndiyo maleleji. Jua linavuka ikweta kwenda kaskazini na ukanda wa mvua unalifuata. Kusi ikianza kushika, masika imeingia, nayo hukaa mpaka Mei. Baada yake ni kipupwe, baridi yenye manyunyu ya mchoo. Oktoba ule ukanda unarudi kusini na kutupitia tena: hiyo ni vuli.

Rafiki yako aliyeko Mtwara au Lindi asikupangie tarehe. Kule msimu ni mmoja, unaanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili. Ushauri wake ni mzuri kwake, ukiufuata wewe utapanda mahindi kiangazi kikiwa mlangoni.

Sasa nikueleze kosa linaloumiza wageni wengi, kwa sababu liliniumiza na mimi. Mwaka wangu wa kwanza ilinyesha mvua kubwa usiku mmoja, mwishoni mwa Februari. Asubuhi ardhi inanukia, majirani wanachungulia mashamba yao bila kugusa jembe, mimi nikaita vibarua tukapanda ekari mbili. Mahindi yaliota vizuri. Wiki ya pili majani yakaanza kujikunja mchana kama mkeka na kukunjuka jioni. Wiki ya tatu hayakukunjuka tena. Masika yenyewe ilipofika nilinunua mbegu upya, na vibarua wale wale nikawalipa mara ya pili.

Mzee jirani yangu ndiye aliyenionyesha. Alipiga jembe katikati ya shamba, akaingiza mkono kwenye shimo mpaka juu kidogo ya kifundo, akatoa udongo wa chini kabisa na kuufinya. Ukashikamana, kisha alipougusa kwa kidole gumba ukavunjika taratibu. "Huu sasa unapanda," akasema. Udongo wa juu hulowa kwa mvua moja, ila mche wa mahindi unaishi kwa unyevu wa chini. Tangu hapo nangoja mvua ya pili au ya tatu, na sipandi bila kufinya udongo.

Lakini usingoje kupita kiasi. Mbegu kama Staha inakaa takribani siku 120 shambani. Ukipanda katikati ya Machi, inachanua Mei mvua ikiwa bado ipo. Ukipanda mwishoni mwa Aprili, mbelewele zinatoka mwishoni mwa Juni, mvua imeshakata, na utavuna magunzi yenye punje za kuhesabu.

Vuli mimi siiamini kwa mahindi. Vuli ya 2016 ilinikaushia kila kitu; ile ya 2019 ikaniozeshea kunde zikiwa bado kwenye maganda. Sababu iko baharini. Mwaka 2016 maji ya Bahari ya Hindi upande wa Indonesia yalikuwa na joto kuliko kawaida na mvua ikaelemea huko. Mwaka 2019 joto lilikuwa upande wetu, mvua ikatumwagikia. Kwa hiyo vuli nipe kunde na choroko, mazao ya miezi miwili hadi mitatu, pamoja na mihogo, ambayo ikishashika mizizi inavumilia kiangazi na kungoja masika. Soma utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha fuatilia taarifa zao za kila siku 10. Wazee wa mwambao nao walihesabu mwaka kwa miongo, kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, na walipanda kwa hesabu hiyo. Nakusihi utafute mmoja wao akiwa bado hai, ukae naye.

Mavuno ya masika huangukia Julai na Agosti, na manyunyu ya mchoo yanaweza kukukuta umeanika. Usianike chini kwenye udongo. Tandika turubai, na liwe karibu ulikunje wingu likitokea. Mahindi yaliyofungwa na unyevu hushika ukungu na kuleta sumukuvu, na hiyo haiondoki kwa kupika. Kupima ni rahisi: chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia chumvi kavu kiasi cha robo, ongeza punje hadi nusu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Ikianguka yote chini, shona gunia.