Jeni au majeni? Sawa, lakini hiyo "yalijibadilisha ili" imetoka wapi

Msomaji wa Ahero anauliza kama ni jeni au majeni, ameona mahali pameandikwa "majeni ya watu wa huku ziwani yalijibadilisha ili yawakinge na malaria". Jibu fupi: jeni hii, jeni hizi, yaani kile kipande cha maagizo ya mwili unachorithi kwa wazazi. Mzizi ni wa Kigiriki, wa mambo ya kuzaa, neno limetufikia kupitia Kiingereza, basi.

Sasa kinachonikera. "Yalijibadilisha ili"! Kwani majeni yaliitisha baraza pale Ahero, chifu akasimama akasema jamani mbu wamezidi, tujibadilishe? Hiyo -ji- ni ya anayejifanyia kitu mwenyewe, amejikata, amejipaka mafuta, na "ili" inataka nia, na jeni haina nia bana. Chukua hiyo ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wanaouita sickle cell. Ni herufi moja tu ya DNA, ile kemikali inayobeba jeni, ilikosewa wakati wa kunakiliwa, bahati tu, hakuna aliyepanga. Mtoto akirithi nakala moja ya jeni yenye kosa hilo, malaria kali haimwangushi kirahisi, anakua, anaoa, anazaa, nakala inasonga mbele, wenzake wasio nayo ndio malaria ilizika wengi, na aliyepata mbili, moja ya baba moja ya mama, ndiye anaumwa selimundu yenyewe. Vizazi vikipita jeni inakuwa nyingi penye malaria nyingi. Mwanasayansi Anthony Allison, aliyekulia hapo Gilgil, alionyesha hii kinga mwaka 1954.

Nadhani shida ni neno mageuzi, tunalotumia pia kwa viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi. Mkenya akisikia mageuzi anaona katiba, tume, kura ya maamuzi, kwa hivyo akisoma mageuzi ya binadamu anaanza kutafuta kamati. Alafu kuna wale wa "Wamaasai walizoea maziwa ndio jeni ikabadilika". Kinyume kabisa! Kuzoea kwako hakuingii kwa jeni ya mtoto wako. Badiliko la kumeng'enya maziwa ukubwani lilitokea lenyewe, wafugaji waliokuwa nalo wakafaidi, wakazaa zaidi, na utafiti wa 2007 ulikuta la wafugaji wa Afrika Mashariki si lile la Wazungu, yaani lilitokea zaidi ya mara moja, kila mahali kivyake.

Andika hivi: jeni ilibadilika, ikaenea kwa sababu waliokuwa nayo malaria haikuwamaliza. Hiyo "majeni" nakuachia, hata masimu tulipigana nayo tukachoka.