Hadi diski mpya inazunguka ila haionekani

SWALI: Fundi habari za kazi. Kompyuta yangu ya mezani ina hadi diski ya GB 500, imejaa video za harusi (ndo kazi yangu), nikanunua nyingine ya TB 4 nikaifunga mwenyewe, naisikia kabisa inazunguka ila nikiwasha Windows haipo, nimeuziwa mbovu au?
Msomaji, Tanga

JIBU: Salama mkuu. Kama inazunguka basi moto wa pawa saplai unafika, sasa cheki ule waya bapa wa SATA (wa data, unaotoka kwenye diski kwenda madabodi, yaani bodi kuu), usukume ukae vizuri pande zote mbili, halafu ingia BIOS (menyu ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows) uone kama diski inatajwa. Haipo? Hamishia waya tundu jingine, maana madabodi nyingi ukishaweka SSD ya M.2 (ile diski ndogo kama kijiti inayochomekwa kwenye bodi yenyewe) kuna tundu la SATA linazimwa kimyakimya, na watu wengi hapo ndo wanarudisha diski nzima dukani bure.

Ikitajwa basi ni nzima, haijaandaliwa tu. Bofya kulia kwenye Start, fungua Disk Management, itakuuliza MBR au GPT (namna mbili za kuipanga diski), we chagua GPT sababu MBR inaishia TB 2 na zinazobaki utaziangalia tu. Kisha bofya kulia kule chini kwenye mstari mweusi, New Simple Volume, uformati NTFS (mpangilio wa mafaili wa Windows). Ila soma saizi kabla hujabonyeza, usije ukafuta harusi za watu! Na ukiona imeandika TB 3.63 usigombane na muuzaji, kiwanda kinahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024.