Kabla ya kununua mashine ya kuchana maboksi, jua chenga zake zinakwenda wapi

Mkuu, umeuliza mashine ya kuchana maboksi ya dukani kwako iwe na nguvu kiasi gani, maana stoo imejaa hadi mlangoni. Mimi nauza vyombo vya glasi na vya udongo hapa Dar, natuma mikoani kwa mabasi, na somo hili nimelilipia. Nguvu ya mota iache kwanza. Ukishayachana, utayapeleka wapi?

Kama unawauzia wanunuzi wa karatasi chakavu, usichane kabisa. Kiwandani boksi linarudishwa kuwa rojo, na nyuzi ndefu ndizo zenye thamani. Ukilikatakata unazifupisha, na chenga zenyewe ni kero kubeba. Yalaze bapa uyafunge marobota. Hapo inayokufaa ni mashine ya kukandamiza.

Kama ni ya kufungashia bidhaa, kama mimi, chana. Nilianza kwa kununua mashine ya ofisini ya kuchania karatasi. Zile zinafanya kazi dakika chache kisha zinapumzishwa. Siku ya tatu boksi zito la tabaka mbili likakwama, harufu ya waya kuungua ikatanda stoo nzima, na mashine haikuwaka tena. Iliniuma sana, ile ilikuwa pesa ya mzigo.

Niliyonayo sasa hailikati boksi vipande. Inalitoboa mipasuo midogo midogo, linatoka kama wavu. Ukilivuta linatanuka, unalizungushia sahani, ukibonyeza linarudi lenyewe. Simu za "vyombo vimefika vimevunjika" zimepungua mno.

Pima upana wa mdomo wa mashine, pale boksi linapoingilia. Yangu inapokea sentimita 40 tu, kwa hiyo boksi kubwa nalikata kwanza kwa kisu, na huko ndiko muda unakopotelea. Kwenye umeme, zipo za fezi moja za volti 230 na za fezi tatu za volti 400. Muulize fundi wako duka lina ipi kabla hujalipa hata kianzio. Pini za chuma zing'olewe, zinakula meno. Boksi lililoloa linaziba, usiliingize. Na tafadhali, kijana wako asiisogelee mashine akiwa amevaa nguo ya mikono mirefu au mkufu, na kitufe cha kuzimia kiwe mahali anapofikia akiwa amesimama kazini.

Ukienda kwa muuzaji beba maboksi yako mwenyewe, yale mazito, ayapitishe mfululizo ukiangalia. Kisha piga picha kibati cha mota, kile kilichoandikwa nguvu na volti zake, uiweke hapa, tuisome pamoja kabla hujatoa pesa.