Darubini ya nini kwa vimondo vya Agosti?
Ndugu, umeuliza ununue darubini gani ya kutazamia vimondo vya Perseidi. Usinunue! Darubini inaonyesha kipande kidogo tu cha anga, na kimondo hupita popote, kufumba na kufumbua kimekwisha. Tandika mkeka, lala chali, simu weka mbali. Macho yanataka kama dakika 20 kuzoea giza. Kilele ni usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Agosti, hasa kuanzia saa nane hadi alfajiri. Vimondo hivi ni vumbi la nyotamkia Swift-Tuttle, linaingia kwenye hewa ya Dunia kwa kilomita 59 kwa sekunde. Sisi wa Dodoma tutazame kaskazini, ila tunaona vichache kuliko wenzetu wa Ulaya. Mwaka jana nilihesabu tisa, baridi ikanirudisha ndani.