Kaka zangu wanataka niache kazi nirudi Luanda kwa kuwa sijaolewa

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, naishi Free Area hapa Nakuru, na ni keshia katika duka la vifaa vya ujenzi. Baba alifariki. Mama yuko peke yake Luanda, Vihiga, na ana presha. Mwezi jana alianguka akitoka kisimani. Kaka zangu, mmoja Nairobi na kitinda mimba wetu aliye Mombasa, wanasema niache kazi nirudi nimtunze, kwani wao wana familia na mimi sijaolewa. Nampenda mama, lakini nikirudi nitakula nini? Nikikataa nitaitwa sina utu.*

Marahaba mwanangu, na pole. Najua tangu mama aanguke kila simu ya nyumbani inakushtua.

Hilo la kwamba huna familia limenikera. Mama ndiye familia yako, na ni familia ya kaka zako vilevile. Kuoa hakumwondolei mtu mzazi. Mabinti wengi wa huko kwetu wameacha kazi kwa neno hilohilo, na baada ya mwaka wanaombaomba hata pesa ya sabuni kwa walewale waliowaita nyumbani.

Lakini katika barua yako yote sijaona neno moja la mama mwenyewe. Anataka nini? Usimuulize kwa simu, kwa maana atakujibu "niko sawa tu." Omba ruhusa kazini siku chache, upande matatu uende ukae naye. Fungua kitabu chake cha kliniki uone tarehe alizokosa. Hesabu vidonge vilivyobaki kwenye bahasha, kwa maana wazazi wetu wengi humeza dawa ya presha siku kichwa kinapouma tu. Angalia kama amesajiliwa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, au bado ameweka kadi ya NHIF, bima ya zamani iliyofikia mwisho Oktoba 2024. Kisha tembea naye hadi pale alipoanguka. Huenda anachohitaji zaidi ni mifereji kwenye mabati na tangi la maji hapo uani, pamoja na msichana wa kumsaidia kazi. Mvua ya Vihiga inatosha kulijaza. Au huenda ukagundua kwamba kweli hafai tena kulala peke yake. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kaka zako hawajaenda kuyaangalia.

Ukishajua, waite wote wawili, na mama awepo. Wape hesabu kwa shilingi: dawa, chakula, mshahara wa msaidizi, nauli ya kliniki. Kila mmoja ataje atakachotuma na tarehe, mbele ya mama. Na huyo kitinda mimba wenu muulize kwa upole. Kwa desturi yetu mwana wa mwisho ndiye huachiwa boma la wazazi. Boma likiwa lake, mzigo wa boma ataubeba vipi?

Ulizia pia shamba, hata kama utaona haya. Vihiga ardhi ni vipande vidogo, na binti anayerudi bila kuelewana na nduguze huishia kuitwa mgeni siku mzazi akifa. Ikiwa baba hakuacha wosia, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inampa mama haki ya kulitumia shamba maisha yake yote, na baada yake watoto hugawana sawa, wa kike kwa wa kiume. Uliza hati iko kwa jina la nani. Kuuliza si kumtabiria mama kifo.

Mimi nakwambia usiache kazi mwezi huu. Ikibidi uwe karibu naye, anza kutafuta Kisumu ukiwa bado unalipwa Nakuru. Keshia mwenye uzoefu wa maduka ya ujenzi anahitajika huko pia, na kutoka Kisumu hadi Luanda matatu haimalizi saa nzima. Unaweza kupanga chumba, ukalala kwa mama wikendi na siku za kliniki, na bado ukawa na mshahara wako.

Na ikiwa utakuta hali yake ni mbaya na moyo wako unataka kurudi kabisa, rudi, mwanangu, sitakuzuia. Ila kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, pesa ya mwezi wa kwanza kutoka Nairobi na Mombasa iwe tayari imeingia kwenye simu ya mama.